Ruzuku ya barabara, njia ya watu: uchambuzi wa kisa cha Indianapolis Cultural Trail

Mei 2013 jiji la Indianapolis, makao makuu ya jimbo la Indiana nchini Marekani, lilizindua njia ya kilomita 13 hivi inayozunguka katikati ya mji na kunyoosha mikono yake kuelekea mitaa ya pembeni. Ni njia ya watembea kwa miguu na waendesha baiskeli, imetandikwa matofali ya saruji, ina bustani ubavuni, taa zake yenyewe na kazi za sanaa za kudumu. Iligharimu dola milioni 63. Kati ya hizo, milioni 35.5 zilitoka katika mafungu ya uchukuzi ya serikali kuu ya Marekani, na milioni 27.5 zilichangwa na watu binafsi na mifuko ya wakfu. Kodi ya wakazi wa jiji haikuguswa kuijenga.

Wanaotafuta fedha za kuboresha maeneo ya jamii hupenda kukitaja kisa hiki. Wanasema: tazameni, ruzuku ya barabara imezaa bustani na sanaa. Kisha wanakimbilia kuandika maombi. Mimi naona wanaruka sehemu yenye mafunzo zaidi, yaani ile kazi ya karibu miaka kumi kabla ruzuku kubwa haijatoka, na lile jambo moja ambalo ruzuku haikuweza kulitatua hata baada ya kutoka. Fedha ya uchukuzi hulipia saruji, mitaro, vivuko na taa. Ridhaa ya watu haimo katika hesabu zake. Pale wahusika walipolikumbuka hilo, mradi ulikwenda vizuri, na pale walipolisahau, ulikwama mbele ya macho ya mji mzima.

Fedha hizi zilikotoka

Kwa miongo mingi fedha ya uchukuzi ya serikali kuu ya Marekani ilimaanisha barabara kuu. Mlango mwingine ulifunguliwa Desemba 1991, Rais George H. W. Bush alipotia saini sheria ya uchukuzi inayojulikana kwa kifupi kama ISTEA. Ndani yake mlikuwa na sharti kwamba asilimia 10 ya fungu moja kubwa la barabara litengwe kwa kile kilichoitwa Transportation Enhancements: njia za waenda kwa miguu na baiskeli, kugeuza reli zilizoachwa kuwa njia za matembezi, kupendezesha mandhari ya barabara, kuhifadhi majengo ya kihistoria yanayohusiana na usafiri. Sheria zilizofuata zilibadilisha jina la fungu hilo, zikapunguza au kuongeza kiasi chake na kurekebisha orodha ya yanayoruhusiwa. Wazo lenyewe halijafutwa, na sheria ya miundombinu ya 2021 imelirudisha kwenye asilimia 10.

Anayesoma orodha hiyo kwa mara ya kwanza hudhani amepata mfuko wa jamii. Akae chini aisome tena. Sanaa inayosimama peke yake haimo, wala tamasha, wala mshahara wa mtu wa kuitisha mikutano ya mtaa. Kila kitu lazima kishikane na usafiri: mtu anatoka hapa anakwenda pale, kwa usalama zaidi kuliko jana. Bustani inaruhusiwa ikiwa ni sehemu ya barabara. Benchi linaruhusiwa likiwa pembeni mwa njia.

Halafu kuna namna fedha yenyewe inavyotoka. Kwa kawaida serikali kuu hulipa hadi asilimia 80 ya gharama, na mwombaji hutafuta asilimia 20 iliyobaki. Tena hailipi kwanza. Unajenga, unapeleka madai, unarejeshewa. Asasi ya mtaa yenye akiba ya miezi miwili haiwezi kubeba mzigo huo, ndiyo maana miradi mingi ya aina hii hupitia serikali ya mtaa au idara ya uchukuzi ya jimbo. Lazima mradi uwe kwenye mpango wa uchukuzi wa eneo la jiji na majirani zake. Lazima upitie uchunguzi wa mazingira na wa mali za kihistoria, ufuate kanuni za zabuni, za viwango vya ujira na za kununua chuma cha Marekani. Hakuna hata moja kati ya kanuni hizo ninayoiona ya kipuuzi, lakini kila moja inataka mtu mwenye ujuzi, na mtu huyo analipwa na nani? Si ruzuku, kwa sababu wakati huo ruzuku bado haijaja.

Kwa hiyo swali la kwanza la kisa cha Indianapolis ni la mfuko wa nani ulibeba kipindi hicho.

Mtu mwenye wazo na meya mwenye barabara

Wazo linahusishwa na Brian Payne, aliyeanza kuongoza mwaka 2000 mfuko wa wakfu wa jamii wa eneo hilo, Central Indiana Community Foundation. Indianapolis ilikuwa na njia ya matembezi iliyopendwa sana, Monon Trail, iliyojengwa juu ya reli ya zamani upande wa kaskazini. Payne aliona kwamba watu wanaipenda, ila haiingii katikati ya mji. Wakati huohuo jiji lilikuwa limeteua mitaa kadhaa kuwa maeneo ya utamaduni na kuanza kuitangaza: Mass Ave yenye kumbi za maonyesho, Fountain Square, eneo la mfereji na bustani ya White River, mtaa wa maghala ya zamani, Broad Ripple, na Indiana Avenue, mtaa wa Wamarekani Weusi uliokuwa kitovu cha muziki wa jazi. Kila mtaa ulikuwa na kivutio chake, lakini kati ya mmoja na mwingine palikuwa na barabara pana za magari ambazo mtu hakufurahia kuzikata kwa miguu.

Payne alikwenda kwa meya wa wakati huo, Bart Peterson. Makubaliano yao ndiyo msingi wa yote yaliyofuata: jiji litatoa sehemu ya hifadhi ya barabara, yaani ile ardhi ya umma kutoka mpaka hadi mpaka ambayo tayari ni mali yake, na fedha za kujenga zitafutwe kwingine.

Naomba msomaji atue hapa. Miradi mingi ya kuboresha maeneo huanza kwa kutafuta kiwanja. Kiwanja kina mwenyewe, mwenyewe ana bei, na sheria za fedha za serikali kuu zinapogusa ununuzi wa ardhi au kuhamisha watu, miaka inakatika. Hapa hakuna nyumba iliyobomolewa ili njia ipite. Katikati ya Indianapolis palipimwa mwaka 1821 na Alexander Ralston, aliyechora mitaa mipana, na karne ya 20 ikaikabidhi mitaa hiyo kwa magari. Ilitosha kuchukua mstari mmoja wa magari hapa, safu ya maegesho pale. Virginia Avenue, barabara ya mshazari inayokwenda Fountain Square, ni mfano mzuri: upana wake uligawanywa upya, wenye miguu na baiskeli wakapata sehemu yao.

Kisiasa hiyo ni dhabihu kubwa. Mwenye duka akisikia maegesho mbele ya mlango wake yanaondoka hatabasamu. Lakini ni dhabihu ambayo meya anaweza kuitoa bila kuomba dola hata moja, na ukimwendea meya na ombi la aina hiyo unapata kusikilizwa.

Kwa maoni yangu, hilo la kutogusa kodi ya jiji lilikuwa ngao pia. Ujenzi ulianza 2007, na mwaka huohuo wakazi wa Indiana walikuwa wamewaka hasira kwa kupanda kwa kodi ya majengo. Novemba, Peterson, Mdemokrati, aliangushwa na Greg Ballard, Mrepublican ambaye wengi hawakumpa nafasi. Meya mpya aliyeletwa na hasira za kodi angeweza kabisa kuuona mradi wa bustani na baiskeli kuwa anasa ya mtangulizi wake. Alikuta mradi usiomdai chochote, na ukaendelea chini yake hadi ukakamilika. Mradi unaotegemea meya mmoja huondoka naye. Huu ulikuwa na mwenyewe nje ya ofisi ya meya.

Mchango mkubwa wa binafsi ulitoka kwa Gene na Marilyn Glick, mume na mke waliojipatia mali kwa kujenga nyumba za kupangisha: dola milioni 15. Kipande kimoja cha njia kikawa Peace Walk, bustani zenye taa zinazowakumbuka watu kama Abraham Lincoln na Martin Luther King Jr. Fedha ya aina hii ina tabia ambayo fedha ya serikali haina. Inaweza kulipa mchoraji ramani leo, mwanasheria kesho, msanii keshokutwa. Inaweza kusubiri. Inaweza kuwa sehemu ya mwombaji pale serikali inapouliza, na nyie mnaleta nini mezani? Ndiyo iliyobeba ile kazi ya awali niliyouliza juu yake.

Dirisha la miezi mitatu

Februari 2009, uchumi ukiwa umeporomoka, Kongresi ilipitisha sheria ya kuufufua. Ndani yake kulikuwa na dola bilioni 1.5 za ruzuku za ushindani zilizokuja kuitwa TIGER. Wizara ya Uchukuzi ilitoa tangazo la mwisho la masharti Juni, na siku ya mwisho ya maombi ikawa 15 Septemba. Maombi zaidi ya 1,400 yalimiminika, yakitaka karibu dola bilioni 60. Februari 2010 wizara ilitangaza washindi: miradi 51.

Indianapolis ilipata dola milioni 20.5.

Tuangalie ni nini kilichokuwa kikipimwa. Wizara ilitaka miradi ya kudumu inayosaidia uchumi, usalama, mazingira, na kile ilichokiita ubora wa kuishi, yaani mtu kuweza kufika anakokwenda bila kulazimika kuwa na gari. Kigezo hicho cha mwisho kilikuwa kipya kwa uzito wake, na ndicho kilichofungua mlango. Lakini sheria ilikuwa ya kuokoa ajira, kwa hiyo kipaumbele kilikwenda kwa miradi iliyotarajiwa kukamilika ifikapo 17 Februari 2012. Fedha yote ilipaswa kuwa imefungwa kwa mikataba kufikia 30 Septemba 2011, la sivyo inapotea.

Hakuna mji unaoweza kubuni njia ya kilomita 13, kukubaliana na wenye maduka, kuchora, kupima, kupata vibali na kutafuta wachangiaji kati ya Juni na Septemba. Indianapolis haikufanya hivyo. Tangazo lilipotoka, vipande vya kwanza vya njia vilikuwa vimeshajengwa na watu wanavipita. Mwombaji aliweza kuwaonyesha wakaguzi kitu kinachosimama, mchango ambao tayari uko benki, na hifadhi ya barabara isiyo na mgogoro. Ruzuku ilikuja kumalizia, na hapo ndipo ilipo tofauti kati ya Indianapolis na mamia ya waliokosa.

Kiwango nacho kinafundisha. Kwa kawaida ruzuku za awamu hiyo hazikutakiwa kuwa chini ya dola milioni 20, ingawa wizara iliruhusiwa kulegeza sharti hilo kwa miji midogo. Milioni 20.5 imepita kizingiti kwa unywele. Ombi la bustani moja au la kivuko kimoja, hata liwe zuri kiasi gani, lisingeweza kuingia mlango huo. Vipande vyote vilivyobaki vilifungashwa kuwa mradi mmoja. Na katika orodha ya washindi mradi haukuitwa wa utamaduni. Uliitwa mtandao wa baiskeli na waenda kwa miguu wa Indianapolis. Hakukuwa na udanganyifu wowote katika hilo, kwa sababu njia ile ni mtandao wa usafiri kweli. Waombaji walijua tu ni nani anayesoma na anasoma akitafuta nini. Nimeona maombi yanayotumia kurasa nyingi kuieleza roho ya mtaa kwa mkaguzi ambaye fomu yake ina kisanduku cha idadi ya ajali. Roho ya mtaa ina mahali pake, na mahali hapo ni kwenye barua kwa mfadhili binafsi.

Milioni 15 nyingine za serikali kuu zilitoka katika mafungu mengine ya uchukuzi. Watu huzisahau kwa sababu hazina jina la kuvutia, ila ndizo zilizowafunza wahusika njia za urasimu kabla ya mtihani mkubwa.

Sanduku la udongo kando ya njia

Ukitaka kuona jinsi fedha ya uchukuzi inavyoweza kuzaa kitu kizuri bila kuvunja kanuni, chunguza bustani za pembeni. Kwa mpita njia ni vitanda vya majani marefu na maua, vimezungushiwa kingo za saruji. Ukiinama unaona kingo zimekatwa mapengo upande wa barabara. Mvua ikinyesha, maji yanayotiririka juu ya lami yanaingia kwenye mapengo hayo, yanashuka kwenye udongo ulioshushwa chini ya usawa wa barabara, yanatulia, na mizizi na udongo vinayanywa polepole. Yanayobaki ndiyo huenda kwenye mtaro.

Katikati ya Indianapolis kuna mabomba makongwe yanayobeba maji ya mvua na maji taka pamoja. Mvua kubwa ikija, mchanganyiko huo ulikuwa ukifurika mitoni, na jiji lilikuwa limeshabanwa kisheria kurekebisha hali hiyo kwa gharama kubwa sana. Kwa hiyo kitanda cha maua kando ya njia ni mtaro wa barabara, ni kipande cha ufumbuzi wa maji taka, ni kizuizi kati ya mtoto mwenye baiskeli na lori, na ni uzuri wa mahali. Mhandisi anakilipia kama mtaro. Kwa jumla njia ilipata zaidi ya futi za mraba 25,000 za vitanda hivyo, sawa na meta za mraba 2,300 na ushei.

Hapo ndipo ustadi wa kazi hii ulipo. Kitu kimoja kinatimiza kanuni ya fedha na haja ya watu kwa wakati mmoja, kwenye mchoro uleule, bila mtu kupachika mapambo mwishoni. Taa za njia zinafuata mantiki hiyohiyo, na vivuko pia. Kuhusu baiskeli za kukodi zilizoanza 2014 sina mengi ya kusema, isipokuwa kwamba zisingepata maana bila njia ya kuziendeshea.

Sanamu ambayo haikusimama

Sanaa ililipiwa kutoka upande wa binafsi, na mengi ya hayo yalipokelewa vizuri. Kwenye Mass Ave kuna mwanamke wa taa anayecheza dansi bila kukoma, kazi ya Julian Opie. Chini ya jengo la maegesho kwenye Virginia Avenue, studio ya Vito Acconci iliweka taa zinazowaka kumfuata apitaye, na pahala palipokuwa na giza la kutisha pakawa pa kupita kwa furaha.

Kisha ikaja kazi ya Fred Wilson. Katikati kabisa ya mji pana mnara wa Soldiers and Sailors, uliozinduliwa 1902, na miongoni mwa sanamu zake nyingi yumo mtu mmoja tu Mweusi: mtumwa aliyeachwa huru, ameketi chini, kifua wazi, akinyanyua mnyororo uliokatika. Wilson, msanii Mweusi mwenye heshima kubwa, alipendekeza kumchonga upya mtu huyo peke yake, akiwa ameinuliwa mkao, akishika badala ya mnyororo bendera inayowakilisha watu wenye asili ya Afrika waliotawanyika duniani. Kazi ingeitwa E Pluribus Unum na ingewekwa mbele ya jengo la serikali ya jiji na kaunti.

Wakosoaji wa sanaa waliielewa mara moja. Wakazi wengi Weusi wa Indianapolis waliielewa pia, na wakaikataa. Hoja yao ilikuwa wazi na sioni namna ya kuipuuza: mji huu tayari una mtumwa mmoja wa jiwe, kwa nini sanamu ya pili ya mtu Mweusi katikati ya mji iwe mtumwa yuleyule, nusu uchi, wakati historia yetu hapa ina wanamuziki, wafanyabiashara, walimu, wanasiasa? Wengine Weusi waliiunga mkono. Mikutano ya hadhara iliitishwa, barua ziliandikwa magazetini, mjadala ukachacha. Desemba 2011 ule mfuko wa wakfu uliokuwa ukiongozwa na Payne ulitangaza kuiacha kazi hiyo.

Wapo wanaolisimulia tukio hili kama ushindi wa umma usioelewa sanaa dhidi ya msanii. Sikubaliani nao hata kidogo. Tatizo ni mpangilio wa wakati. Msanii alikuwa amechaguliwa, wazo limekomaa, mahali pamependekezwa, ndipo wale ambao sanamu inawahusu wakaanza kusikilizwa kwa wingi wao. Kwa upande wa saruji, mradi ulikuwa umefanya kinyume: ulianza na kibali cha mwenye barabara, ukamalizia na mchoro. Kwa upande wa maana ya mahali, ulianza na mchoro ukatafuta kibali mwishoni.

Na hapa fedha za serikali zingeweza kufundisha fedha binafsi kitu. Kanuni za serikali kuu, pamoja na uzito wake wote, humlazimisha mwombaji kuutangazia umma, kusikiliza na kuandika alichosikia. Mfadhili binafsi hana amri hiyo juu yake, na uhuru huo unaomwezesha kumlipa msanii kesho asubuhi ndio unaomwezesha kusahau kuuliza. Anayeunganisha mifuko hii miwili ana wajibu wa kuuvika upande wa binafsi sharti ambalo sheria haikuuvika.

Wakfu unastahili heshima kwa kuacha. Ungeweza kusema fedha ni yetu, msanii ni maarufu, acheni kelele. Mradi wa watu unaolazimishwa juu ya watu haubaki na jina hilo.

Bilioni moja ya nani

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana walitoa tathmini yao. Walilinganisha thamani ya mali zilizo ndani ya futi 500 kutoka kwenye njia, kama meta 150, kati ya 2008 na 2014. Ilikuwa imepanda kwa zaidi ya dola bilioni 1, ongezeko la asilimia 148.

Takwimu hii imezunguka dunia, na mara nyingi inasemwa kana kwamba njia yenyewe ilizalisha bilioni hiyo. Tuwe waangalifu. Kipindi kinaanza wakati wa msukosuko wa uchumi na kuishia ukiwa umepona. Njia ilipitishwa makusudi kwenye maeneo yaliyokuwa tayari yanavutia, na ndani ya miaka hiyo majengo makubwa mapya yalisimama katikati ya mji kwa sababu zake. Njia ilichangia, bila shaka. Wenye majengo walianza kuitaja kwenye matangazo yao. Lakini anayepeleka asilimia 148 kwa wizara kama ahadi ya mradi wake mwenyewe anajiwekea mtego.

Kinachonisumbua zaidi ni upande wa pili wa takwimu hiyohiyo. Thamani ya mali ikipanda mara mbili na nusu, mwenye mali anacheka. Mpangaji wa chumba juu ya duka, mwenye karakana ya kukodi, msanii aliyehamia Fountain Square kwa sababu kodi ya pango ilikuwa nafuu, hao wanapata barua ya kupandishiwa kodi hiyo. Fedha ya uchukuzi ilijenga njia kwenye ardhi ya umma bila kumhamisha mtu yeyote kwa amri, na hilo nimelisifu. Ila kuna kuhamishwa kusiko na amri, kunakokuja taratibu pamoja na kodi ya mwezi, na fomu za ruzuku ya barabara hazikuwa na kisanduku cha kuandika hilo. Kulinda nyumba za bei nafuu kunahitaji fedha za makazi na sheria za makazi, na ni lazima kuanza siku ileile njia inapochorwa, maana baada ya uzinduzi ardhi imeshapata bei mpya.

Indiana Avenue inalikumbuka hili kuliko mtaa mwingine wowote. Ndiko alikokulia kimuziki mpiga gitaa wa jazi Wes Montgomery, na ndiko kulikobaki jumba lenye jina la mfanyabiashara Mweusi Madam Walker, lililofunguliwa 1927. Mtaa uliozunguka jumba hilo ulifumuliwa katika karne iliyopita na ujenzi wa barabara kuu na upanuzi wa chuo, na fedha ya uchukuzi ilikuwa miongoni mwa zilizoufumua. Njia iliporefushwa miaka ya karibuni, ikafikia kilomita 16 hivi, Indiana Avenue ilikuwa moja ya sehemu zilizoongezewa kipande. Naliona ni jambo la haki, na pia ni mahali ambapo swali la nani atabaki kuishi kando ya njia linapaswa kuulizwa kwa sauti ya juu kuliko kwingine.

Nani anafagia

Ruzuku za ujenzi hazilipii ufagio. Matofali yananyanyuka kwa baridi, theluji inataka kuondolewa, magugu yanaota kwenye vitanda, taa zinaungua, na yale mapengo kwenye kingo yakizibwa na takataka bustani haipokei tena maji. Vitanda vya namna hii vinadai mkono wa mtu kila wiki katika majira ya kuota.

Indianapolis ilianzisha asasi isiyo ya faida, Indianapolis Cultural Trail, Inc., yenye kazi ya kuitunza njia, na sehemu ya fedha za binafsi ikatengwa kwa matunzo tangu mwanzo. Asasi hiyo huendelea kuchangisha, na wakazi hujitolea kung'oa magugu. Ningependa kila anayeandika ombi la ruzuku aanze na ukurasa huu wa matunzo, aujaze majina ya watu na kiasi cha mwaka, ndipo ageukie michoro. Mkaguzi makini huuliza. Na asipouliza, mtaa utauliza miaka mitano baadaye, majani yakiwa yamekauka na meya akiwa mwingine.

Kwa asasi inayojiandaa leo, nisingeanza na fomu ya ruzuku. Ningeanza na ramani ya hifadhi ya barabara na mtu wa idara ya uchukuzi anayeijua, kisha orodha ya wanaoishi na kufanya kazi mita 150 kila upande, wenye mali na wapangaji wao. Wapangaji ningewaita kwanza, mchoraji akiwa bado hajaajiriwa.